Futi Moja Inayozusha Ubishi

Mmarekani anayependa magari hubandika kifaa kidogo cha setilaiti kwenye kioo, akakanyaga mafuta barabarani, akasomewa, mathalani, sekunde 13.6 kwa robo maili, yaani mita 402. Jumamosi anapeleka gari lilelile kwenye uwanja wa mbio, anapewa karatasi yenye 13.3. Hapo ubishi unaanza: nani mwongo?

Hakuna mwongo. Uwanjani dereva husogeza gari mpaka tairi la mbele likate mwonzi wa taa. Saa haianzi taa ya kijani inapowaka, wala mguu unapogusa mafuta. Huanza tairi linapoachana na mwonzi ule, na kufikia hapo gari limekwishatambaa kama futi moja, sentimita 30 hivi. Gari lenye mchapuko wa nusu ya ule wa graviti hutumia karibu theluthi ya sekunde kuvuka futi hiyo. Uwanja hauihesabu. Kifaa kinachoanza kuhesabu gari likitikisika tu huihesabu yote.

Kwenye kasi, mambo hugeuka. Uwanja hutoa wastani wa futi 66 za mwisho, mita 20 hivi, ilhali kifaa husoma kasi ya palepale mstarini, ambako gari bado linaongeza mwendo. Basi kifaa ndicho kinachomsifu dereva.

Vile vya zamani, kama G-Tech, havikutazama setilaiti. Vilipima msukumo wa gari lenyewe. Gari likichomoka huinua pua, na kifaa kikahesabu sehemu ya graviti kama mwendo. Digrii moja tu ya mwinamo, ikidumu sekunde 13 bila kusahihishwa, huzua kilomita 8 kwa saa ambazo gari halikuwa nazo. Na barabara je? Mteremko wa asilimia moja, ambao jicho halitauona, ni mita 4 za kushuka katika robo maili.

Futi ile imefika hadi kwenye matangazo. Mwaka 2021 Tesla ilinadi Model S Plaid kufika maili 60 kwa saa kwa sekunde 1.99, ikieleza kwamba futi ya kwanza imeondolewa. Maelezo hayo nayaona ni ya lazima. Namba isiyosema saa ilianzia wapi haifai kulinganishwa na nyingine.

Anayetaka ulinganisho wa haki akipeleke kifaa hukohuko uwanjani. Mbio moja, upepo mmoja, lami ileile iliyopakwa gundi ya kushika tairi. Kisha akiamuru kifaa kiiache futi ya kwanza, ndipo akiweke kando ya karatasi.