Steringi Hafi: Biashara ya Muvi Kibera na Kawangware

Biashara ya muvi katika mitaa ya Kibera na Kawangware ina mihimili mitatu: kumbi za video, maduka ya muvi, na wasimulizi wanaozitia filamu za kigeni sauti ya Kiswahili. Wote wanauza kitu ambacho kukinakili hakugharimu karibu chochote, na ambacho mteja mwenye subira atakipata kwa jirani bure. Kwa hiyo mtaji wa kweli hapa ni kujua nani atapenda nini. Mfanyabiashara asiyeyasikiliza maoni ya mashabiki hubaki na rafu ya DVD zilizokula vumbi.

Ukumbi wa video ndio mkongwe. Kwa kawaida ni chumba cha mabati kilichozibwa madirisha, chenye mabenchi, televisheni moja au mbili mbele, na ubao wa chaki mlangoni unaotaja ratiba ya siku. Kinachouweka hai ni Ligi Kuu ya Uingereza. Kiingilio cha mechi huzidi cha filamu, ambacho kwa miaka mingi kimezoeleka kuwa shilingi 10 au mbao, yaani 20. Mpira hulipa kodi ya chumba, umeme na king'amuzi. Filamu hujaza saa za mchana katikati ya wiki, wakati vijana waliokosa kazi ya mjengo siku hiyo wako mtaani. Sinema rasmi haziko mbali. Prestige Plaza iko Barabara ya Ngong, hatua chache kutoka soko la Toi, na Junction iko mbele kwenye barabara hiyohiyo. Lakini tikiti moja ya huko ni mamia ya shilingi, na kwa fedha hizo mtu huingia ukumbi wa mabati mwezi mzima.

Watazamaji wa kumbi hizi wana kanuni zao, na ya kwanza ni kwamba steringi, yaani shujaa mkuu wa filamu, hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa kamba na kutupwa mtoni, mradi afufuke kabla ya dakika ya mwisho. Mwenye ukumbi anayeonyesha filamu inayovunja kanuni hiyo ndiye hubeba lawama. Mwongozaji yuko Hollywood na hasikii kelele. Ndiyo sababu filamu za miaka ya 1980, kama Commando ya Arnold Schwarzenegger (1985) na Bloodsport ya Jean-Claude Van Damme (1988), zimedumu sokoni kuliko nyingi zilizozifuata. Hata watengenezaji wa Marekani waliliona hilo: katika tamthilia ya Sense8 ya Netflix (2015), dereva wa matatu wa Nairobi aitwaye Capheus anamhusudu Van Damme kiasi cha kulichora gari lake kwa heshima yake.

Filamu hizo zisingedumu hivyo bila wasimulizi. Kazi yao si ngeni duniani. Japani ilikuwa na benshi waliosimama kando ya pazia enzi za filamu bubu. Tanzania ilimjua Lufufu, aliyesimulia filamu kwenye kanda za VHS, na Uganda ina ma-VJ wake, akiwemo VJ Jingo. Nchini Kenya jina kubwa ni DJ Afro. Husimulia kwa Kiswahili cha mtaani kilichochanganywa na Sheng, huwabatiza wahusika majina ya Kikenya, na huongeza mizaha ambayo mwandishi wa filamu hakuiota. Kibiashara, anachofanya ni kuiuza filamu ileile mara ya pili. Mzigo uliokwisha kuchoka unarudi sokoni ukiwa mpya, na mara nyingi mteja huulizia sauti ya msimulizi kabla ya kuulizia jina la filamu. Hata hivyo, simulizi nazo hunakiliwa kama filamu zenyewe, na mwenye sauti halipwi kwa kila kopi.

Si mashabiki wote wanaozikubali simulizi hizo. Wapo, hasa waliomaliza sekondari, wanaoona msimulizi anaharibu, kwamba anaficha alichosema mhusika na kuweka chake. Hoja yao ina uzito kwa tamthilia ya mazungumzo. Kwa filamu ya ngumi ni vigumu kuona kilichopotea. Soko limeukata ugomvi huo kwa njia yake: simulizi zimebaki zaidi kwenye ukumbi, na wapenzi wa sauti asilia wamekwenda kwenye duka la muvi.

Duka la muvi ni kibanda karibu na steji, chenye kompyuta, diski kuu za nje na orodha iliyobandikwa ukutani. Zamani lilichoma DVD kwa shilingi 50 hivi. Sasa linajaza flashi kwa bei ya chini zaidi kwa kila filamu, na tamthilia huuzwa kwa msimu. Hapa ndipo maoni yanapogeuka fedha waziwazi. Mteja haji na jina. Anakuja na ladha: amemaliza Prison Break, anataka inayofanana nayo. Muuzaji mzuri atamuuliza kilichompendeza, kama ni ujanja wa kutoroka au undugu wa wale wawili, na jibu litaamua kama atapewa 24 au Money Heist. Akikosea mara mbili, mteja huyo atahamia kibanda cha pili. Kopi iliyorekodiwa kwa kamera ndani ya sinema hubadilishwa bila ubishi, kwani neno la mteja mmoja aliyekasirika husambaa ploti nzima kabla ya jioni.

Game of Thrones ya HBO ndiyo iliyoonyesha vizuri kasi ya soko hili. Msimu wa nane ulionyeshwa Marekani Jumapili usiku, kuanzia Aprili 14 hadi Mei 19, 2019. Kwa saa za Nairobi ilikuwa alfajiri ya Jumatatu. Duka lililokuwa na faili kabla ya watu kwenda kazini lilikuwa limewahi. La mchana lilikuta wateja wameshapewa na wenzao. Tamthilia hiyo iliivunja kanuni ya steringi tangu msimu wa kwanza, Ned Stark alipokatwa kichwa, na bado ikapendwa. Waliokasirika walikasirishwa na mengine. Shabiki wa hadithi za kufikirika hana taabu na joka litemalo moto. Taabu yake ni jeshi linalovuka bara zima ndani ya kipindi kimoja. Mwisho wa tamthilia hiyo uliwaudhi wengi, na zaidi ya watu milioni moja duniani walitia saini ombi la kutaka msimu wa nane uandikwe upya. Kwa muuzaji, mwisho mbaya ni hasara ya miaka: mteja mpya akishaambiwa hadithi inaharibika mbele, hanunui msimu wa kwanza.

Wateja wa kike huonekana kidogo kwenye hesabu za kumbi, lakini ndio wanaoitegemeza televisheni ya bure jioni. Tamthilia ya Maria ya Citizen TV, iliyoanza 2019 na kwisha 2021, ilimweka msichana wa mtaa wa mabanda katikati ya jumba la tajiri, na Zora ikapokea nafasi yake. Duka hufaidi kidogo hapo, kwa kuwa yaliyoonyeshwa bure ni vigumu kuyauza.

Sheria inaijua biashara hii nusu. Bodi ya Uainishaji wa Filamu hutoa leseni kwa wanaoonyesha na kusambaza filamu, chini ya sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na kaunti hutoza kibali cha biashara. Wakati huohuo, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaharamisha sehemu kubwa ya kilichomo ndani ya diski. Muuzaji anaweza kuwa na karatasi zote ukutani na bado akapoteza kompyuta kwenye msako.

Wanaoumia zaidi kwa unakili huo ni watengenezaji wa karibu. Kibera ina shule yake ya filamu chini ya Hot Sun Foundation, na filamu ya Togetherness Supreme (2010) ilitokana na mazingira ya mtaa huo. Nairobi Half Life (2012) ilipokewa kwa shangwe, lakini mtaani ilizunguka zaidi kwa kopi za kuchomwa. HBO haitalitambua pengo la shilingi 50 za Kawangware; mtengenezaji wa Riverwood, tasnia ya filamu za bei nafuu ya Nairobi, hulitambua mara moja.

Tishio la sasa ni intaneti. Netflix ilifungua mpango wa bure kwa simu za Android nchini Kenya Septemba 2021, kisha ikaufunga Novemba 2023. Intaneti ya bei nafuu ya majumbani imeingia Kibera, na faili hupatikana kwenye simu bila kupita dukani. Baadhi ya vibanda vimeongeza PlayStation inayolipiwa kwa mechi, uchapishaji wa nyaraka na M-Pesa. Wanaoendelea na muvi peke yake huhudumia wasio na bando la kutosha kupakua msimu mzima, na wale wenye bando ambao bado wanataka kuambiwa waanze na ipi.