Kijana wa Fildi na Gari la Mteja

Gari la mazoezi katika karakana ya chuo halina mwenyewe. Limefunguliwa na kufungwa na wanafunzi wa miaka mingi, nati zake zimezoea spana, na ubovu wake umeandikwa ubaoni kabla boneti haijainuliwa. Siku ya kwanza ya fildi gerejini, mwanafunzi aliyejifunzia gari hilo anakuta nati iliyoshikwa na kutu, mteja anayetazama saa, na maelezo yasiyozidi "linakohoa kwenye mlima".

Maandalizi ya fildi mara nyingi huishia kwenye barua ya utambulisho, ovaroli na nasaha za nidhamu. Vyote vinahitajika, lakini havimfundishi mtu kupokea gari. Hilo linafanyiwa mazoezi chuoni bila gharama yoyote: mwalimu anaficha ubovu, anajifanya mteja, na mwanafunzi anauliza. Linakohoa likiwa la moto au la baridi? Tangu lini? Nani aliligusa mara ya mwisho? (Swali hili la mwisho, kwa maoni yangu, huokoa muda kuliko mashine nyingi za kupimia.)

Jambo la pili ni kumwomba fundi kazi. Fundi mwenye mikono ndani ya giaboksi akiulizwa "nifanye nini?" atajibu "subiri", na subiri zikifuatana kijana anaishia kufagia na kutumwa chai. Kutumwa si kosa; karibu kila fundi alianza hivyo. Kosa ni mwezi kwisha bila kupanda daraja. Ombi linalokubalika lina mipaka: "Fundi, naomba leo nifunge mimi pedi za breki, uzikague kabla sijarudisha tairi." Fundi anajua atapoteza dakika ngapi, na anajua gari halitatoka bila yeye kuliona.

Tena mwenye gereji ana hesabu zake. Waajiri wakubwa hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, na sehemu yake huenda VETA, chombo cha mafunzo ya ufundi stadi Tanzania kilichoundwa kwa sheria ya 1994. Kwa hiyo baadhi yao huona wameshachangia vya kutosha. Gereji ndogo ya mtaani haimo katika tozo hiyo, na mwenye nayo huenda alijifunza kwa kukaa chini ya fundi mwingine, hana cheti chochote. Anapoletewa kijana wa chuo, anaweza kumwona "msomi" aliyekuja kumpima. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi wa aina hii. Mwalimu akiuelezea anapopeleka barua, mazungumzo hulainika. Mwanafunzi naye aambiwe wazi kwamba anakwenda kwa mtu anayejua zaidi yake.

Kitabu cha kumbukumbu nacho kinahitaji somo lake. "Nimefanya sevisi" haimwambii mwalimu kitu. "Nimebadilisha oili na filta, boli ya kutolea oili ilikuwa imeliwa, fundi akanionyesha jinsi ya kuitoa" inaonyesha kilichofundishwa na aliyefundisha.

Nauli na chakula vipangwe mapema, maana anayefika saa nne hukuta kazi za asubuhi zimeshagawiwa. Msichana apelekwe mahali ambapo pa kubadilishia nguo pameshaonekana kwa macho, na apewe namba ya mwalimu atakayepokea simu yake.

Kisha ziara ya mwalimu. Ikifanyika wiki ya mwisho, hubaki ya kutia saini tu. Ikifanyika wiki ya pili, kijana aliyekwama kwenye ufagio bado anaweza kuombewa kazi nyingine hapo hapo, au kuhamishiwa gereji nyingine.