USIKUBALI KUDHARAULIWA UNAPONUNUA GARI KUUKUU

Wakulima wengi wa skimu, baada ya kuuza maziwa, chai, viazi au mahindi kwa miaka kadhaa, hufikia siku ya kutaka gari lao wenyewe. Hiyo si tamaa. Mkulima wa Kinangop au wa Ol Kalou anajua barabara zinavyokuwa wakati wa mvua, naye anajua kwamba maziwa yaliyokamwa alfajiri hayamngoji mtu. Yasipofika mapema kwenye kituo cha kupozea, huchacha. Na maziwa yaliyochacha hukataliwa. Basi pikapu kwa mkulima ni chombo cha kazi kama vile jembe na mkebe wa maziwa, wala si pambo.

Lakini gari jipya ni ghali mno, kwa hiyo wengi wetu hutafuta gari lililokwisha tumika. Tena wengi huwaogopa madalali wa kando ya barabara, wakaona ni heri kwenda katika duka kubwa la magari mjini, lenye vioo virefu, sakafu inayong'aa na jina linalojulikana kote. Husema, "Hapa sitadanganywa." Maneno hayo yana ukweli wake, maana duka kubwa lina anwani, lina vitabu vya hesabu, na halihami usiku. Lakini fahamu, ndugu mkulima, kwamba jina kubwa si ahadi ya kuhudumiwa vizuri. Wapo wakulima waliopuuzwa mlangoni kwa sababu ya viatu vyao vya matope, na wapo waliopokewa kwa chai na tabasamu, kisha walipokwisha kulipa hakuna aliyewajua tena.

Makala haya yatakueleza jinsi ya kujilinda.

FEDHA ZAKO NI JASHO LA MIAKA

Kwanza, fanya hesabu ujue unachokibeba mfukoni. Tuseme unapeleka lita 20 za maziwa kila siku, na unalipwa Sh. 45 kwa lita. Hiyo ni Sh. 900 kwa siku. Ukitaka pikapu kuukuu ya Sh. 1,200,000, bei hiyo ni maziwa ya siku 1,333, yaani zaidi ya miaka 3 na nusu, bila kununua chumvi ya ng'ombe, bila dawa ya kupe, na bila kulipa karo ya mtoto hata mmoja.

Mtu mwenye fedha za namna hiyo hana haja ya kuingia dukani kwa unyonge kama aliyekuja kuomba. Wewe ni mnunuzi, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za kiwango kizuri, haki ya kuelezwa yote anayohitaji kujua ili afaidike na bidhaa hizo, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya ubovu wake. Haki hizo hazikuwekwa kwa wenye tai peke yao.

KWA NINI HUPUUZWA

Yafaa ujue jinsi maduka haya yanavyofanya kazi. Wauzaji wengi huongezewa fungu juu ya mshahara kwa kila gari wanalouza. Gari jipya lina bei kubwa, na kwa kawaida fungu lake ni kubwa pia. Magari kuukuu, ambayo mengi ni yale yaliyorudishwa na wateja waliochukua mapya, au yaliyotumiwa na makampuni, huwekwa uani. Kwa hiyo muuzaji akikuona umevaa koti la shambani, na unauliza habari ya gari la uani, huenda akasema, "Mzee, ngoja kidogo," kisha akaenda kwa mwingine. Hayo ni makosa, lakini ukijua chanzo chake huwezi kutishika.

Fanya hivi. Piga simu siku moja kabla, useme ni gari gani unalitaka na utafika saa ngapi, na uulize jina la atakayekupokea. Ukifika, taja jina hilo. Nenda pamoja na mtu mmoja mwenye kujua magari, na mwingine mwenye kusoma karatasi vizuri. Huyu aweza kuwa mwanao au mwalimu wa jirani. Ukingojeshwa kupita kiasi, mwulizie msimamizi wa duka, ueleze jambo lako kwa upole na kwa maneno machache. Na kama bado hawana haja nawe, ondoka. Duka linalokupuuza ukiwa bado una fedha mkononi, litakukumbuka namna gani ukiwa umekwisha zitoa?

MAMBO YA KUTAZAMA KATIKA GARI

Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Gari lililopakwa rangi na kusuguliwa kwa nta laweza kuficha mengi. Mwombe fundi wako, asiye wa duka hilo, alikague. AA ya Kenya pia hukagua magari kwa malipo. Duka likikataa gari lisikaguliwe na mtu wako, usiulize swali jingine, nenda zako.

Wewe mwenyewe waweza kutazama haya:

1. Saa ya kilomita. Namba ikisema gari limekwenda kilomita 60,000 tu, lakini kanyagio za breki na klachi zimelika, usukani umekuwa laini na kiti cha dereva kimebonyea, shuku kwamba namba imerudishwa nyuma.

2. Tairi. Ubavuni mwa kila tairi pana namba nne za tarehe. Namba 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi yaweza kuwa na meno mazuri na bado ikawa imezeeka.

3. Oili. Fungua kifuniko cha oili ya injini. Ukiona ute mweupe kama maziwa, huenda maji yanaingia katika injini.

4. Moshi. Washa injini ikiwa baridi, maana iliyokwisha pashwa moto huficha mambo. Moshi wa rangi ya samawati ni dalili ya kuungua kwa oili.

5. Fremu. Ingia chini ya gari, au mtume kijana. Tazama kutu, mahali palipochomelewa, na springi. Pikapu iliyobebeshwa mizigo mizito huonekana chini kuliko juu.

6. Namba ya chesi. Sharti ilingane na ile iliyo katika karatasi, herufi kwa herufi.

Kisha liendeshe, au liendeshwe na fundi wako, katika barabara yenye kilima na mashimo. Kuzunguka uani peke yake si kulijaribu.

KARATASI ZA KUDAI KABLA YA KULIPA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kama gari lilitumika hapa Kenya, omba kitabu cha matengenezo yake, uone lilihudumiwa lini na wapi. Kama lilitoka Japani, fahamu kwamba magari mengi ya huko hununuliwa mnadani, na kila moja huwa na karatasi ya mkaguzi wa mnada yenye kilomita zake na alama ya hali yake. Herufi R mahali pa alama huonyesha kwamba gari lilipata kugongwa na kutengenezwa. Omba karatasi hiyo. Kadhalika, kwa kanuni ya KS 1515 ya mwaka 2000 inayosimamiwa na Shirika la Viwango la Kenya, gari kuukuu linaloingizwa nchini lisiwe limepita miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza, na usukani wake uwe upande wa kulia.

Halafu tafuta habari za mwenyewe wa gari katika Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, yaani NTSA. Kwa namba ya gari na ada ndogo, utapata kujua limeandikwa kwa jina la nani. Ukiona jina la benki pamoja na la mtu, gari hilo limewekwa rehani, wala usilipe mpaka benki itoe jina lake. Jambo hili hutokea hata katika maduka makubwa, kwa sababu mara nyingine huuza gari kwa niaba ya mtu mwingine.

Mapatano yenu yawe ya maandishi. Yaandikwe namba ya gari, namba ya chesi, kilomita, bei yote, siku ya kulichukua, na kila jambo uliloahidiwa kwa mdomo. Muuzaji akisema, "Tutakubadilishia tairi mbili," yaandikwe hayo. Akisema, "Injini ina dhamana ya miezi mitatu," yaandikwe ni sehemu gani zilizomo na nani atalipa kazi ya fundi. Ahadi ya mdomo husahauliwa siku muuzaji huyo atakapohamia duka jingine. Ukitoa rubuni, risiti ieleze kama utarudishiwa fedha iwapo gari halitapita ukaguzi. Tena fedha zako zipitie benki, katika akaunti ya duka lenyewe, zisiingie kamwe katika simu ya muuzaji.

Tazama sana maneno kama "gari linauzwa kama lilivyo". Omba yafutwe. Na kama umeyakuta yamekwisha pigwa chapa, usidhani kwamba yamefuta kila haki yako. Sheria ya Kumlinda Mnunuzi ya mwaka 2012 iliwekwa kwa ajili ya kuzuia mapatano ya kumwonea mnunuzi. Lakini fahamu na upande wa pili: chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ukilikagua gari kabla ya kununua, hutaweza kulalamika baadaye juu ya ubovu ambao ukaguzi huo ulipaswa kuuonyesha. Ndiyo maana ukaguzi sharti uwe wa kweli.

Mwisho, usikubali kukaa na gari lililo katika jina la mwingine. Sheria ya Barabarani haikuruhusu kulitumia zaidi ya siku 14 baada ya kubadilishwa mwenyewe, kama halijaandikwa kwa jina lako. Anayeuza ndiye huanzisha kazi hiyo katika mtambo wa NTSA, nawe huithibitisha. Ifanyeni siku ile ile, mkiwa pamoja dukani.

WAKIKUPUUZA BAADA YA KULIPA

Tuseme umefuata yote, na baada ya wiki tatu gia zinakataa kuingia. Umepiga simu mara tano, kila mara unaambiwa, "Anayehusika ametoka." Maziwa yanapelekwa kwa bodaboda, na nusu ya faida inakwenda huko. Usikasirike na kutukana, wala usikate tamaa.

Acha simu, andika barua. Eleza siku uliyonunua, ubovu ulioonekana, na unalotaka wafanye, kisha uwape siku maalumu, tuseme siku 14. Ambatanisha nakala ya risiti na maelezo ya fundi. Barua aandikiwe msimamizi mkuu, asiandikiwe muuzaji. Ipeleke, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usilitengeneze gari kwanza, isipokuwa umepiga picha na kupata maelezo ya fundi kwa maandishi. Ukitengeneza kabla ya hapo, ushahidi umekwisha potea.

Wasipojibu, kuna njia mbili. Ya kwanza ni Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo kwa sheria ya mwaka 2010 hupokea malalamiko ya wanunuzi waliodanganywa juu ya hali ya bidhaa. Ya pili ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021, na ambayo sasa iko katika miji mingine pia. Huko husikilizwa madai yasiyozidi Sh. 1,000,000, waweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inataka hukumu itolewe katika siku 60. Kumbuka kwamba kinachopimwa ni kiasi unachodai. Hata kama pikapu ilikuwa ya Sh. 1,200,000, gharama ya gia zaweza kuwa Sh. 150,000 tu, na dai hilo laingia.

NENO KWA VYAMA VYA USHIRIKA

Chama kinachonunua gari la kubebea maziwa ya wanachama kisimtume mtu mmoja. Kichague watu watatu, waende na fundi, warudi na taarifa ya maandishi, na taarifa hiyo isomwe mbele ya kamati kabla hata shilingi moja haijatoka. Hivyo hakuna atakayesema baadaye kwamba fulani alikula pamoja na duka. Tena duka lililo na tabia mbaya litajulikana kwa wanachama wote, na lile lililo na adabu litajulikana vile vile. Hakuna tangazo linaloshinda sifa inayotembea kutoka kituo cha maziwa hadi kituo cha maziwa.

Kwa hiyo, mkulima, kabla ya safari ya mjini andaa mambo manne: fundi wako, msomaji wako, orodha ya maswali yako, na moyo wa kuweza kurudi nyumbani bila gari. Huo wa nne ndio wenye nguvu kuliko yote, kwa maana mnunuzi anayeweza kuondoka husikilizwa, na gari halikosi kupatikana siku nyingine.