Viazi vitamu: bingwa wa tani na bingwa wa mfuko

Kiazi kitamu kizito kuliko vyote katika kitabu cha rekodi cha Guinness kilivunwa mwaka 2004 katika kisiwa cha Lanzarote, Hispania. Kilikuwa na kilo 37. Ni maajabu, lakini mchuuzi wa Gairo, Tanzania, au wa Kabondo, Kenya, asingehangaika nacho. Yeye anataka kiazi cha kujaa kiganja, kilichonyooka, kisicho na tundu. Hapo ndipo hesabu ya faida inapoanzia.

Kwa wingi wa mavuno China haina mpinzani: huvuna zaidi ya nusu ya viazi vitamu vyote duniani, na wastani wake kwa hekta unapita tani 20. Malawi na Tanzania zimo katika mstari wa mbele Afrika, ila mashamba yetu mengi hayafikishi hata tani 10. Chukua matuta yenye nafasi ya mita 1, marando ukiyapanda kila sentimita 30. Hekta moja inabeba mashina kama 33,000. Kila shina likitoa nusu kilo tu, umepata tani 16 na nusu. Kwa hiyo tatizo si ukubwa wa shamba, ni kile kinachotoka chini ya kila shina.

Na mwizi mkubwa kuliko wote wa mavuno hayo ni ugonjwa wa virusi. Kirusi kimoja huletwa na vidukari, kingine na nzi weupe. Vikikutana kwenye mmea mmoja, hasara inaweza kupita asilimia 90. Pita shambani uangalie: majani yamekuwa madogo, yamekunjamana, yamepauka, na shina limedumaa kana kwamba halikuona mvua. Sasa mwenye shamba anakata marando hapo hapo kwa ajili ya msimu ujao! Anapanda ugonjwa kwa mikono yake.

Katika aina zenyewe, NASPOT 1, iliyotolewa Uganda mwaka 1999, imejijengea jina kwa kuzaa sana huku kiazi chake kikiwa na unga, si cha majimaji. Udhaifu wake ni ukungu wa majani na shina. Ninayoipenda zaidi ni NASPOT 11 ya mwaka 2010, kwa sababu wakulima wa Uganda waliichagua pamoja na watafiti, kuanzia kwenye miche hadi kwenye sufuria, na inastahimili virusi vizuri. Kabode, ya rangi ya chungwa, ndiyo ya kulisha watoto: gramu 125 za viazi vya rangi hiyo zinamtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima. Beauregard ya Louisiana, iliyotolewa mwaka 1987, iliwahi kuwa bingwa kwao Marekani, lakini ni laini mno kwa mlaji wetu aliyezoea kiazi kikavu cha kunywea chai.

Kisha kuna fukusi, mdudu anayetoboa viazi. Ardhi ikikauka na tuta likapasuka, anashuka kwenye ufa na kutaga. Kiazi kikishatobolewa hujitengenezea uchungu, hivyo hata ukimenya sehemu mbovu, kilichobaki bado kitakushinda kula. Ndiyo maana aina inayokomaa mapema mara nyingi inamwacha mkulima na fedha nyingi kuliko ile yenye tani nyingi inayokaa ardhini hadi kiangazi kikali. Pandishia udongo nyufa zinapotokea, na usichelewe kuvuna.

Bado kuna lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Mkulima anayeuza gunia lililoshonewa kilemba hajui ameuza kilo ngapi, na asiyejua kilo hawezi kujua aina ipi inamlipa. Tena bei huanguka viazi vinapojaa sokoni, ila Wasukuma walishapata njia ya kuukwepa msimu huo: viazi vikifurika wanavikata na kuvianika michembe, au wanavichemsha kwanza ndipo wavianike matobolwa, vikae miezi.

Ndugu mkulima, msimu huu tenga matuta matatu kwa kila aina uliyonayo, yote kwenye udongo mmoja, yapandwe siku moja kwa marando safi. Ukivuna, weka kando vyenye matundu na vidogo visivyouzika, kisha pima vilivyobaki kwa mizani. Chemsha vichache, wape majirani waonje. Hapo ndipo uamue aina ya kupanda shamba zima.