Manowari ikipigwa, majeruhi watakuwa wangapi? Hivi ndivyo jeshi linavyokadiria

Meli ya kivita ikishapigwa katikati ya bahari, hakuna muda wa kuanza kutafuta damu na dawa. Lazima viwe vimeshapangwa. Swali gumu ni: viwe kiasi gani?

Usidhani ni kuzidisha tu idadi ya mabaharia kwa asilimia fulani. Angalia manowari mbili za Marekani, za aina moja, zilizopigwa katika Ghuba ya Uajemi wakati wa vita vya Iran na Iraq.

Mei 1987, ndege ya Iraq iliipiga USS Stark kwa makombora 2. Moja halikulipuka, lakini mafuta yake yaliwasha moto mkali sehemu wanakolala mabaharia. Walikufa 37, wakajeruhiwa 21.

Aprili 1988, USS Samuel B. Roberts iligonga bomu lililotegwa majini na Iran. Meli nusura ikatike vipande viwili, ila hakufa mtu hata mmoja. Majeruhi walikuwa 10. Hapa nahodha alikuwa ameshaona mabomu mengine na kila mtu yuko kwenye nafasi yake ya mapambano, siyo kitandani.

Ukitafuta wastani wa vifo unapata 18 au 19, idadi ambayo haikutokea kwenye meli yoyote kati ya hizo.

Ndiyo maana watafiti wa afya wa jeshi la majini la Marekani walirudi kwenye rekodi za Vita vya Pili vya Dunia na kutenganisha mashambulizi kwa aina ya silaha: bomu la ndege, torpido, bomu la kutegwa, ndege za kujitoa mhanga. Kila silaha ina hesabu yake.

Kuna jambo jingine, na ni chungu. Vita vya nchi kavu kwa kawaida huacha majeruhi wengi kuliko wafu. Baharini inaweza kuwa kinyume, kama kwenye Stark. Vitanda vinavyohitajika vinapungua, lakini aliyeungua vibaya peke yake anahitaji dripu nyingi na uangalizi wa siku nyingi.

Halafu kuna umbali. USS Cole iliposhambuliwa bandarini Aden Oktoba 2000, mabaharia 17 waliuawa. Baadhi ya majeruhi ilibidi wasafirishwe na Wafaransa kwa ndege hadi Djibouti kutibiwa, na hapo meli ilikuwa bandarini, siyo katikati ya bahari.