Bwawa la samaki uani Tabora: pampu ya tenki si pampu ya bwawa

Samaki wa bwawa la nyumbani mara nyingi hufa alfajiri. Jioni wamekula vizuri, lakini saa 11 alfajiri wako juu ya maji, midomo wazi, wanahema. Jua likichomoza, baadhi wameshaelea.

Kwa anayetaka kuchimba bwawa uani mjini Tabora, vifo hivyo ndivyo vya kufikiria kwanza. Liwe bwawa la koi, wale samaki wa mapambo wenye asili ya Japani, au la sato wa kitoweo, hoja ni ileile: samaki wanahitaji hewa usiku kucha, na pampu ndiyo inayowaletea.

Kwa nini alfajiri?

Mchana, mwani ulio kwenye maji hutengeneza oksijeni kwa msaada wa jua. Usiku kazi hiyo inasimama, na mwani wenyewe unaanza kutumia oksijeni ileile wanayoitegemea samaki. Kufikia alfajiri akiba imebaki kidogo.

Tabora ina tatizo la ziada. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Pwani. Maji yenye nyuzijoto 25 jijini Dar es Salaam yanaweza kubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Kwa Tabora ni kama miligramu 7 tu. Joto la Septemba na Oktoba likipanda, kiasi hicho kinashuka zaidi.

Maji yenyewe ni ya kuhesabu

Uhaba wa maji katika njia hii si jambo la jana. Karne ya 19, misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipanga safari kwa kuangalia visima. Mgunda Mkali, eneo lililo kati ya Ugogo na Unyanyembe, liliogopwa kwa ukame wake. Burton na Speke walilivuka kabla ya kufika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857.

Siku hizi mji una mabwawa ya Igombe na Kazima, pamoja na bomba kutoka Ziwa Victoria. Hata hivyo, mvua zikikatika Aprili au Mei, kila ndoo inayomiminwa bwawani kufidia maji yaliyokaushwa na jua inalipiwa. Bwawa la mita 4 kwa 3 likishuka milimita 6 tu kwa siku, zimekwenda lita 72, yaani ndoo tatu na nusu za lita 20.

Mwenye bwawa anajuaje kama maji yanakaushwa na jua au yanavuja? Ajaze ndoo, aisimamishe ndani ya bwawa mdomo ukiwa juu ya maji, aweke alama kwenye ndoo na kwenye ukingo wa bwawa. Kesho yake, kama bwawa limeshuka kuliko ndoo, kuna mahali panavuja.

Kuchimba: mbali na mwembe

Miembe ni urithi wa njia ya misafara, na nyumba nyingi za Tabora zina mmoja uani. Kivuli chake ni kitamu kwa watu. Kwa bwawa ni hasara: majani yanaanguka, yanaoza majini na kula oksijeni, huku mizizi ikisukuma kuta. Sehemu nzuri ni ile inayopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana, iliyoinuka kidogo ili maji ya mvua yasiingize matope.

Udongo wa maeneo mengi ya mji ni wa kichanga, haushiki maji. Wenye nafasi husomba udongo wa mfinyanzi kutoka mbugani au wa kichuguu na kuushindilia. Wengine hutandika nailoni nzito ya mabwawa au hujenga kwa zege. Zege jipya lina chokaa inayoua samaki, hivyo bwawa lijazwe, likae, limwagwe na kujazwa tena mara kadhaa kabla ya kuweka samaki.

Koi wanataka kina cha kuanzia mita 1, ili maji ya chini yasipate moto haraka. Bwawa la mita 4 kwa 3 lenye kina hicho linachukua mita za ujazo 12, sawa na lita 12,000. Kwa koi, makadirio ya kawaida ni samaki mmoja kwa kila lita 1,000, kwa hiyo hapo ni koi 12, basi.

Kosa la pampu

Hapa ndipo wengi wanapoliwa hela. Dukani, pampu inayopatikana haraka ni ile ndogo ya nusu hospawa inayopandisha maji kwenye tenki. Ni imara, fundi anaijua, na bei yake inavumilika. Lakini imetengenezwa kusukuma maji machache kwenda juu sana, mita 30 au zaidi, kwa muda mfupi.

Bwawa linataka kinyume chake: maji mengi, yapande kidogo, muda wote. Kwa koi, maji yote yanapaswa kupita kwenye chujio angalau mara moja kila saa 2. Kwa bwawa la lita 12,000, hiyo ni lita 6,000 kwa saa. Pampu ya tenki ya nusu hospawa hutoa kama lita 35 hadi 40 kwa dakika, yaani lita 2,400 kwa saa ikijitahidi.

Na umeme? Pampu hiyo hula wati 370. Ikiwaka saa 24 ni karibu uniti 9 kwa siku, uniti 266 kwa mwezi. Pampu ya bwawa, ile inayozamishwa majini, yenye wati 60 inakula uniti 43 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO aliye kundi la D1, lenye bei nafuu kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo ni kubwa mno. Hata hizo 43 zinamwachia uniti 32 tu za taa, simu na televisheni.

Kusoma boksi

Kwenye boksi la pampu kuna namba mbili za kuangalia. Q max ni kiasi cha maji inachotoa bila kupandisha popote. H max ni kimo cha mwisho inachofika, na kwenye kimo hicho haitoi hata tone.

Kwa hiyo boksi likisema lita 6,000 na mita 3, mnunuzi asidhani atapata vyote viwili pamoja. Kama chujio liko mita 1.5 juu ya maji, aongeze nusu mita kwa ajili ya bomba na kona zake, iwe mita 2. Kisha aulize: kwa mita 2, pampu hii inatoa lita ngapi? Jibu liko kwenye mchoro wa mstari uliopinda ulio kwenye boksi au kikaratasi cha ndani.

Nyumbani, kipimo ni ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 12, hizo ni lita 6,000 kwa saa.

Umeme ukikatika

Kuzima pampu usiku ili kuokoa luku ni kuwanyima samaki hewa saa wanayoihitaji zaidi. Pia bakteria wa kwenye chujio, wanaosafisha amonia ya kinyesi cha samaki, huanza kufa maji yakisimama. Kuwakuza upya huchukua wiki 4 hadi 6.

Kwa hiyo ni vizuri kuwa na kipampu cha hewa cha wati 10 kinachotumia betri ya volti 12. Betri ya Ah 50 ikitumika nusu tu, kinaweza kwenda kama saa 30. Paneli ndogo ya sola inaijaza mchana. Asiye nacho asiwalishe samaki umeme ukiwa umekatika, na achote maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu ili yachanganyike na hewa.

Anayeona gharama hizi ni nzito ana njia nyingine: kambale. Samaki huyu anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji, hivyo anavumilia bwawa ambalo koi asingemaliza usiku.

Kabla ya kuweka samaki

Maji ya bomba yana klorini. Yakae wazi siku mbili au zaidi kwanza. Waya wa pampu upite kwenye swichi inayokata umeme ukivuja, na pampu izimwe kabla ya mtu kuingiza mkono majini. Kama kuna watoto, bwawa lizungushiwe uzio.

Samaki wakishaingia, wiki ya kwanza mwenye bwawa aamke saa 11 alfajiri akiwa na tochi. Akiwakuta wametulia chini, pampu inatosha. Akiwakuta juu wanahema, apunguze samaki au aongeze hewa siku hiyohiyo.