Kupima Bunduki ya Mitutu Miwili kabla ya Kulinda Shamba

Wakulima wa Kampene na wa nchi yote ya Pangi, ninyi mnaijua kazi ya nguruwe wa pori. Mtu hukata msitu, huchoma, hupanda mpunga, hupalilia, hungoja miezi minne. Kisha usiku mmoja tu kundi la nguruwe huingia, na asubuhi mwenye shamba hukuta matope na mabua. Mihogo nayo hufukuliwa. Ndiyo maana watu hutafuta bunduki.

Bunduki ni msaada, lakini bunduki isiyopimwa hailindi shamba. Nguruwe aliyejeruhiwa hukimbilia kichakani, akafa mbali na kuoza bure; au humgeukia mtu anayemfuata na kumpasua kwa meno yake. Tena risasi iliyokosa haipotei hewani. Inakwenda mahali, na mahali hapo huenda pana mtu.

Katika nchi yetu ya madini jambo hili lataka uangalifu zaidi. Wakati wa kampuni ya SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976, watu walijua kambi iko wapi na machimbo yako wapi. Leo wachimbaji hufuata madini popote yalipo. Mtu aweza kuwa ndani ya shimo au kando ya kijito, nyuma ya shamba lako, nawe humwoni.

1. Bunduki hii ni ya namna gani?

Iko bunduki yenye mitutu miwili isiyofanana. Mtutu mmoja ni laini ndani, nao hupiga marisau, kama bunduki ya kalibre 12 mnayoijua. Mtutu wa pili una michirizi inayozunguka ndani, nao hupiga risasi moja. Mafundi wa Suhl katika Ujerumani na wa Ferlach katika Austria wamejulikana tangu zamani kwa kazi hii. Juu yake watu hufunga durubini ndogo yenye msalaba, ili waone vizuri mahali pa kulenga.

Bunduki hii si nyingi vijijini. Lakini mwenye kalibre 12 ya kawaida asiache kusoma, kwa maana kanuni ya kupima ni ile ile.

Neno la kushika ni hili: durubini ni moja, mitutu ni miwili. Msalaba hauwezi kuonyesha kwa hakika mahali pa mitutu yote miwili. Kwa hiyo twaifuatisha durubini kwa mtutu wa risasi; kisha twajifunza kwa kichwa jinsi mtutu wa marisau unavyopiga.

2. Kutayarisha mahali

Chagua ukingo mrefu wa udongo, usio na mawe. Usipige kuelekea juu ya kilima, wala kuelekea mto, wala njia. Risasi ya mtutu wenye michirizi yaweza kwenda zaidi ya kilometa 2. Ukuta wa shimo la zamani la madini wafaa, lakini kwanza nenda mwenyewe, tazama juu na nyuma yake kama hakuna wachimbaji. Weka mtu njiani awazuie wapitaji.

Pasua mfuko mtupu wa simenti, uutandaze juu ya mbao. Chora kwa makaa duara nyeusi, ukubwa wa chungwa. Jaza mchanga katika mfuko wa mpunga, uuweke juu ya meza au gogo. Juu ya mfuko huo lazeni mti wa mbele wa bunduki. Msilaze mtutu wenyewe, maana ukigusa kitu kigumu hupiga mahali pengine.

Kagua parafujo za durubini. Ikiwa moja imelegea, kazi yote ni bure. Jicho likae mbali na durubini kadiri ya upana wa kiganja; mtu anayelikaribisha mno hupigwa kwenye nyusi bunduki inaporudi nyuma.

3. Kupima mtutu wa risasi

Anza mita 25. Lenga katikati ya duara, piga risasi moja. Karibu hivi utaiona karatasini hata kama durubini imepotoka sana. Ukianza mbali, utapoteza risasi bila kujua zilikokwenda.

Sasa fungua vifuniko vya durubini. Kizibo cha juu husogeza pigo juu au chini. Kizibo cha kando husogeza kulia au kushoto. Mshale ulioandikwa waonyesha upande ambao risasi itakwenda. Risasi ikipiga chini, zungusha kuelekea juu. Watu wengi hukosea hapa, wakazungusha kinyume.

Kizibo hulia kila kinaposogea. Katika durubini nyingi mlio mmoja husogeza pigo milimita 7 hivi kwa mita 100. Kwa mita 50 ni nusu yake, yaani milimita 3 na nusu. Basi kama risasi imepiga sentimeta 7 chini kwa mita 50, utahesabu milio 20.

Pigo la mita 25 likiwa zuri, rudi mita 50, umalizie hapo. Katika msitu wetu ni mara chache mtu kumwona mnyama waziri kupita mita hizo.

Piga risasi tatu, lakini kwa saburi. Mitutu hii miwili imeunganishwa kwa moto wa fundi. Mmoja ukipata joto hurefuka, mwingine hukataa, na yote miwili hupinda kidogo. Kwa hiyo risasi ya pili na ya tatu zikipigwa haraka huacha mahali pa ile ya kwanza. Ngoja mpaka mkono wako uone mtutu umepoa kabisa. Shambani utapiga risasi moja kwa mtutu baridi. Basi hiyo ndiyo ya kupima.

Tena tumia risasi za namna moja. Ukibadili namna, pima upya.

4. Kupima mtutu wa marisau

Tandaza karatasi pana, mita 1 kila upande. Simama mita 20, weka msalaba katikati, piga. Usiguse durubini tena! Tazama tu kundi la marisau limeanguka wapi. Kama katikati yake ni juu kidogo au kushoto kidogo, liandike katika karatasi ndogo na kulibandika kwenye kitako.

Tazama pia nafasi kati ya tundu na tundu. Kartushi ya kalibre 12 yenye marisau makubwa ya 00 huwa na chembe 9 hivi. Kwa mita 20 zaweza kukaa pamoja. Kwa mita 40 huenda moja tu ikampata nguruwe, tena tumboni. Sogea nyuma hatua kwa hatua, ukipiga karatasi mpya kila mara. Mahali chembe zinapotawanyika, hapo ndipo mwisho wa mtutu wako. Usipige mnyama zaidi ya hapo.

Jifunze pia, bunduki ikiwa tupu, kifyatulio kipi ni cha mtutu upi. Mtu aliyedhani anapiga marisau, kumbe ametoa risasi ya kilometa 2, amefanya kosa lisilorudishwa.

5. Maonyo

Bunduki za kienyeji za kushindilia baruti hazifai durubini. Wala usiziongezee baruti ili zipige mbali, hupasuka usoni.

Kila mwenye bunduki awe na ruhusa, kama yasemavyo sheria ya silaha ya mwaka 1985 na ya uwindaji ya mwaka 1982. Sokwe na gorila wasipigwe kamwe.

Usipige sauti wala majani yanayotikisika. Mtoto alindaye mpunga hutikisa majani. Mchimbaji anayerudi usiku naye hutikisa majani.

Yeye aliyepima hutumia kartushi chache, hulala na hakika, na jirani zake nao hulala. Asiyepima aache bunduki nyumbani, ajenge ua wa miti na kuwasha moto pembeni mwa shamba, mpaka apate siku ya kupima.